Barua ya wazi kwa wenye soko la mtandaoni: mkono ule ni wa mama yangu

Kwa Wakurugenzi na Wasimamizi,
Soko la mtandaoni la kazi za mikono.

Kutoka kwa mshona kofia,
Mtaa wa Langoni, Mji wa Kale,
Lamu 80500, Kenya.

KUH: DUKA LILILOFUNGWA, FEDHA ZILIZOZUILIWA NA PICHA ILIYOIBWA

Waheshimiwa,

Assalam aleikum. Kwa msioitumia salamu hii, hamjambo.

Nimewaandikia mara 11 kwa njia mliyonielekeza wenyewe, kile kisanduku cha malalamiko kilichomo ndani ya akaunti. Mara 9 nilijibiwa na mashine, haikupita dakika, kwa maneno yale yale. Mara 2 sikujibiwa kabisa. Barua zile niliziandika kwa Kiingereza nikisaidiwa na mpwa wangu aliye sekondari. Hii naiandika kwa lugha yangu, tena mbele za watu, kwa kuwa faraghani nimegonga mlango mpaka mkono umeniuma. Na huku kwetu wako wanaoshona, wanaochonga na wanaosuka ambao wanajiandaa kufungua maduka kama langu. Ni haki yao wajue lililonipata.

Jina la soko lenu silitaji. Nyinyi mwajijua, na nambari ya lalamiko langu mnayo.

Nianze kwa kujieleza, maana katika majibu yote 9 hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nashona kofia. Nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na shangazi yake wa Siyu, kisiwani Pate. Ni zile kofia nyeupe za viua, yaani vitundu vya nakshi, zinazovaliwa na kanzu. Hukatwa bafta, kipande cha duara cha juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, kisha huchorwa nakshi kwa penseli. Baada ya hapo ni sindano tu. Kila kitundu hutobolewa kwa kusogeza nyuzi za kitambaa bila kuzikata, kisha huzungushiwa uzi mpaka kikaze. Kofia ya kazi nyepesi hunichukua wiki 5 au 6. Ile ya kazi nzito, iliyojaa viua, huchukua miezi 3, nayo huishona asubuhi peke yake, kwani jua likishainama jicho haliwezi tena kuona tundu jeupe juu ya kitambaa cheupe.

Kwenu nilifungua duka mwaka 2019. Kabla ya hapo kofia zetu zilinunuliwa na mchuuzi aliyepita nyumba kwa nyumba kila Ramadhani ilipokaribia, akatoa bei aitakayo. Kofia niliyomuuzia kwa shilingi 3,000 nilikuja kuikuta Mombasa kwa 8,000. Sikumlaumu, biashara ndivyo ilivyo. Lakini sokoni kwenu nilipata jambo ambalo mchuuzi yule hakuwa na njia ya kunipa: mshonaji na mvaaji wakasemezana. Mzee mmoja wa Maskati alinitumia kipimo cha kichwa chake kwa uzi, akaupiga picha uzi wenyewe juu ya rula. Kijana wa Kikomoro aliye Marseille aliagiza kofia ya kuolea, akaniletea picha za harusi. Tukafika wanawake 8, mimi nikipiga picha, nikiandika na kufunga mizigo, wenzangu wakishona. Wawili kati yao ni wajane, na kofia ndiyo iliyokuwa ikilipa karo.

Nayasema haya msije mkadhani nimekuja na chuki. Soko lenu lilinifaa, na ningependa kurudi. Sasa niwataje yaliyonifikisha hapa.

1. Picha ya mkono wa mama

Mwaka 2021 nilimpiga mama picha akiwa amekaa dakani, kibarazani pa mlango, kofia gotini, subana ya kusukumia sindano kidoleni. Hina ya harusi ya mjukuu wake ilikuwa bado haijafifia. Katika kidole cha shahada ana kovu alilolipata utotoni kwa mbuzi ya kukunia nazi. Uso haumo, maana hakutaka, ila mkono alikubali. Picha ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza dukani mwangu, na wateja wengi waliniambia ndiyo iliyowafanya wasimame.

Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, mteja mmoja wa zamani alinitumia kiungo akaniuliza kwa nini nimeshusha bei. Nikafungua, nikakuta duka nisilolijua. Linauza «kofia halisi ya Lamu ya kushonwa kwa mkono» kwa dola 9, na juu kabisa umewekwa mkono wa mama yangu. Kovu liko. Subana iko. Hina ile ile. Walichokata ni ukingo wa kushoto tu, pale ambapo mlango wetu wa nakshi ulikuwa ukionekana.

Niliwaarifu siku hiyo hiyo. Siku ya 4, mwenye duka lile naye akaniripoti mimi, akadai picha ni zake. Siku ya 5 likafungwa duka moja, nalo ni langu. Lake liko wazi mpaka leo ninapoandika.

Mama hatumii simu janja. Nilipomwonyesha aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, «Mkono wangu umefikaje huko, nami sijatoka Lamu?» Sikuwa na la kumjibu. Nyinyi mnalo?

Ushahidi niliutuma. Picha ya asili ninayo, haijakatwa, pamoja na nyingine 14 za asubuhi ile ile, moja mama akiwa ameinua kikombe cha kahawa. Mwizi hawezi kuwa nazo hizo. Mashine ikajibu kwamba nyaraka hazitoshi, isitaje ni ipi iliyokosekana.

Kenya imo katika Mkataba wa Berne tangu 1993. Chini ya mkataba huo, hakimiliki ya picha haingoji kusajiliwa popote. Hupatikana pale pale picha inapopigwa. Tena masharti yenu yanasema mwaifuata sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu hakimiliki mtandaoni. Sheria hiyo inaeleza kwamba aliyeondolewa kazi yake akipeleka pingamizi lililokamilika, kazi hurejeshwa kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji awe amekwenda mahakamani. Pingamizi langu mlilipokea, na risiti yake ninayo. Kesi sijaisikia. Siku 14 zimekwisha, zikaja nyingine, nazo zikaisha.

2. Hukumu isiyo na hakimu

Barua ya kufungwa duka ina mistari minne. Yasema nimekiuka «sera». Haisemi sera ipi, bidhaa ipi, wala tarehe gani. Nilipouliza nani aliyeamua, nilijibiwa kwamba mifumo yenu hupitia akaunti «kwa njia za kiotomatiki ili kulinda jamii». Mimi si sehemu ya jamii hiyo?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutowekwa chini ya uamuzi unaomwathiri sana ambao umetolewa na mashine peke yake. Akishapewa uamuzi wa namna hiyo, anaruhusiwa kutaka uangaliwe upya au utolewe mwingine usiotegemea mashine tu. Na sheria hiyo haiishii kwa kampuni zilizo na ofisi Nairobi. Inamgusa hata aliye nje, madhali anashughulikia data za watu waliopo Kenya. Nilikitaja kifungu hicho katika barua yangu ya 6. Jibu lililokuja ni lile lile la barua ya 5.

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi ya hilo. Lau ningekuwa fundi wa Lisbon au wa Napoli, msingenifanyia hivi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 2019/1150, inayotumika tangu Julai 2020, inayalazimisha masoko ya mtandaoni yampe mfanyabiashara sababu kwa maandishi yanapomsimamisha, na yanapotaka kumwondoa kabisa yampe taarifa siku 30 kabla. Kanuni hiyo inawalinda wafanyabiashara walioko Ulaya. Mimi wa Langoni hainifikii. Basi najua kwamba kueleza sababu mnakuweza, na mnao watu wanaokufanya kila siku. Kwangu mmeamua tu kutokufanya.

3. Fedha

Siku duka lilipofungwa lilikuwa na shilingi 84,600 zisizotolewa. Mmezizuia kwa siku 180. Fedha hizo ni za kofia zilizokwisha kupelekwa na kupokelewa, na wanunuzi walishaandika shukrani. Theluthi mbili si zangu hata kidogo, ni ujira wa wenzangu 7.

Zilizuiliwa wiki chache kabla ya Idi. Anayewajua Waislamu anajua maana ya wiki hizo. Niliwalipa wawili kwa kuuza bangili yangu, waliobaki nikawaomba subira, na muuza nyuzi akanikopesha kwa heshima ya mama. Zaidi ya hayo, wateja wawili mliwarudishia pesa kutoka katika salio hilo hilo, ilhali kofia wameshazivaa, kwa sababu tu duka «halipo tena». Mmoja wao, wa London, alinitafuta kupitia jamaa zake wa Mombasa ili anilipe upya. Huyo ni mnunuzi, hakuwa na deni na mtu, na alihangaika kunitafuta.

4. Anwani

Nilipokata rufaa mlinitaka nithibitishe kwamba nipo. Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwani jambo hili si langu peke yangu. Litamkuta kila fundi wa visiwa hivi.

Fomu yenu ina nafasi ya jina la barabara na nambari ya nyumba. Usipoijaza haisongi mbele. Sanduku la posta inalikataa. Kisha inadai bili ya umeme au ya maji yenye jina langu na anwani ile ile.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko zimekaliwa kwa karne nyingi, tena kwa mpango mzuri, bila ya nambari. Njia yetu kubwa ya ndani ni Usita wa Mui. Ukiiacha hiyo waingia vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani. Nyumba hujulikana kwa wenyewe, kwa msikiti ulio jirani, kwa mlango. Mizigo hunifikia vizuri tu: hamali huuliza dukani, mtoto huambiwa amsindikize, na tangu 2019 sijapotelewa na hata mmoja.

Bili ya stima sina kwa kuwa hatuletewi bili. Twanunua tokeni kwa simu, nambari hutumwa kwa ujumbe, basi. Na mita yenyewe iko kwa jina la babu, Mungu amrehemu. Nyumba ya urithi yenye warithi wengi haibadilishwi jina kwa siku moja.

Mpwa wangu alinishauri nibuni nambari yoyote nijaze. Nilikataa. Mtu aombwe athibitishe ukweli wake kwa kusema uongo?

Nilichowatumia ni hiki: kitambulisho cha taifa, barua ya chifu iliyogongwa muhuri, alama ya nyumba kwenye ramani ya simu, na video niliyojirekodi nikitembea kutoka ufukoni, nikapita Usita wa Mui, nikakata kichochoro chetu mpaka mlangoni. Mlango huo ndio ule ule unaoonekana katika picha ya asili ya mama, ule ambao mwizi aliukata. Laiti mtu mmoja angeitazama video hiyo sambamba na picha hiyo, mambo yote haya yangekwisha asubuhi moja. Jibu lilisema aina ya faili haikubaliki.

5. Siku za kupeleka na saa za kujibu

Hili ni dogo, lakini ndilo lililonishusha taratibu kabla ya kufungwa. Mfumo wenu hupunguza nyota za muuzaji akichelewa kupeleka mzigo au akipitisha saa 24 bila kumjibu mteja. Mzigo wangu hupanda boti hadi Mokowe, upande wa bara, hupanda basi hadi Mombasa, ndipo huanza safari ya ndege. Upepo wa kusi ukivuma boti huahirisha. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño ziliikata barabara ya Garsen kuja Lamu, na mabasi yakakwama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima. Wiki hiyo nilipoteza alama ya muuzaji bora kwa kutojibu jumbe 2. Niliandika kueleza, na hata maelezo yangu yalichukua nusu saa kuondoka kwenye simu.

Sitaki mteja adanganywe kuhusu siku. Nataka niruhusiwe kuandika siku za kweli bila kuadhibiwa kwa kuziandika.

6. Kofia za mashine katika safu ya kazi za mikono

Hapa nitakaa kidogo, kwani ndipo riziki yetu inapofia.

Sina ugomvi na kofia ya cherehani. Wengi huivaa, hata nyumbani kwangu zimo, na muuzaji wa pale Usita wa Mui ukimuuliza atakwambia bila kuficha kwamba hii ni ya kiwandani, na bei yake ni ya kiwandani. Ugomvi wangu ni na neno. Sokoni kwenu neno «kwa mkono» ndilo mnunuzi analolilipia, na mmeliacha liandikwe na yeyote.

Kumtambua mwongo si kazi ngumu. Mwambieni apige picha kofia iliyogeuzwa ndani nje. Ya cherehani utaona kwa ndani uzi wa pili, ule wa chini, umefuatana mstari mzima bila kukatika. Viua vyake vimelingana kama vimegongwa muhuri, na katikati kitambaa kimekatwa, ndiyo maana ikifuliwa mara kadhaa huanza kufumuka. Ya mkono ukiigeuza utaona viua vilivyokaribiana kwa ukubwa lakini visivyo pacha. Utaona mahali uzi ulipokwisha ukaanza mwingine, na mafundo yamefichwa. Mshonaji mzoefu wa Lamu humtambua mwenzake kwa hayo mafundo. Picha mbili tu, ya nje na ya ndani, zingeondoa nusu ya uongo uliomo katika safu hiyo. Pendekezo hili niliwaletea mwaka 2022, bado nikiwa muuzaji wenu wa nyota tano.

Badala yake kanuni za utafutaji wenu humtanguliza aliye rahisi na mwepesi. Mtu akitafuta kofia ya Lamu, ya Lamu yenyewe huikuta mbali chini, kama ataifikia. Kofia ya dola 9 haiwezi kuwa kazi ya miezi 3. Hesabu hiyo mashine yenu ingeiweza, lau ingeagizwa.

Wala msituone kama tunashtuka ovyo. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili huko neno «kikoy» liwe alama yake ya biashara, neno la nguo ambayo baba zetu wameivaa tangu zamani. Watu wakapinga, na ombi likaanguka. Sisi wa Pwani hatujasahau. Ndipo Kenya ikaja kuwa na Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, inayozipa kaunti jukumu la kuyasajili. Kwa hili nawageukia pia viongozi wetu wa kaunti, kwa neno moja tu: nakshi za kofia za Lamu, Siyu na Pate zisajiliwe wakati wanaozijua wangali hai.

Najua mtakayojibu, kwa hiyo niyajibu mapema.

Mtasema nyinyi ni uwanja tu, wauzaji ndio wanaouza. Lakini mwachukua fungu lenu katika kila kofia, mwaamua nani aonekane juu na nani chini, na mmeweza kufunga duka langu kwa siku moja. Mwenye uwanja tu hana nguvu hizo.

Mtasema wauzaji ni wengi mno, hamwezi kumweka mtu asome kila lalamiko. Siombi kila lalamiko. Naomba kwamba kabla ya kumkatia mtu riziki, mtu mmoja mwenye jina aangalie. Fungu mnalokata kwetu lilikuwa la kazi gani kama si hiyo?

Mtasema sheria inawabana kuhusu uhakiki wa wauzaji. Inawabana kweli, nami naiunga mkono, maana ingefanya kazi isingemwacha mwizi wa picha yangu. Ila sheria ya Marekani iliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2023 inawalenga wauzaji waliofikisha mauzo 200 na dola 5,000 ndani ya miezi 12. Mimi kwa mwaka sijawahi kufika nusu ya mauzo hayo. Na sheria ikitaka mjue mtu ni nani, kitambulisho cha taifa na barua ya chifu vina upungufu gani ambao bili ya stima haina?

Mtasema nilikubali masharti. Niliyakubali yale ya 2019. Tangu hapo mmeyabadilisha mara nisizoweza kuhesabu, kila mara kwa Kiingereza cha wanasheria, na kitufe kikawa kimoja tu: kubali. Dirisha lenu la kununulia linasomeka kwa lugha nyingi. Kiswahili, ambacho UNESCO imekitengea siku yake kila tarehe 7 Julai, hakimo hata katika ukurasa mmoja wa haki za muuzaji.

Na kuna watakaoniambia nihame, niuze kwa WhatsApp. Nauza huko pia, kwa wanaonijua. Lakini maoni 212 ya wateja niliyoyakusanya kwa sindano tangu 2019 yako kwenu, na mteja asiyenijua hana pengine pa kuyasoma. Kifungu cha 38 cha sheria ile ile ya data kinanipa haki ya kupewa data zangu nikahama nazo. Hilo nalo niliwaomba.

Basi ninayoyataka ni haya. Faili langu lisomwe na mtu, aitazame video na picha 15, na aniandikie uamuzi wake akitaja jina lake na sababu. Duka lirejeshwe pamoja na maoni yake. Shilingi 84,600 zitolewe zote, na zile mlizowarudishia wateja waliokwisha kupokea kofia zifidiwe na nyinyi, si sisi. Picha ya mkono wa mama iondolewe katika duka lile na kokote ilikonakiliwa sokoni kwenu, na mwenye duka aulizwe kofia zake zashonwa wapi.

Hayo ni yangu na ya wenzangu 7. Ya mafundi wote ni mawili: fomu ya anwani ikubali sanduku la posta, barua ya chifu na alama ya ramani kwa miji isiyo na nambari za nyumba, na safu ya kazi za mikono idai picha ya upande wa ndani. Fundi wa makubadhi wa Siyu, msuka mikeka wa Matondoni na mchonga makasha wa hapa Langoni wote wameniambia watasubiri kuona haya yanaishia wapi kabla hawajajiandikisha.

Nawapa siku 21 kuanzia leo. Zikipita, faili hili nitalipeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, Nairobi, ambaye sheria inamtaka amalize uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90. Nimeshalipanga: risiti, picha, majibu yenu 9, na tarehe zake.

Kofia 6 ziko kabatini, zimefungwa, kila moja na jina la mwenyewe aliyeilipia kabla duka halijafungwa. Nikifunguliwa leo, kesho asubuhi ziko kwenye boti ya Mokowe. Mkiwa na swali, nambari yangu ya simu imo ndani ya akaunti mliyoifunga. Nitapokea mwenyewe, na mama yuko karibu.

Wenu kwa heshima,
Mshona kofia wa Langoni,
Lamu.